Somo la Vita la Baba Yangu

Baba yangu, Nicanor Werema, alifundisha dini katika shule ya misheni karibu na Kehancha, na somo alilolichukia kila mwaka ni lile la amri ya tano. Usiue. Padre alitaka walimu waeleze pia habari za vita: kwamba vita vya haki vina masharti yake, na askari anayeua katika vita hivyo hana dhambi. Baba aliyaandika masharti hayo ubaoni kwa mwandiko mzuri, akiwa ametugeuzia sisi wanafunzi mgongo muda wote.

Alikuwa amepigana Burma, katika Vita Kuu ya Pili. Huko alimuua kwa kisu kijana wa Kijapani aliyekuwa akichota maji. Kwetu Wakuria, aliyeua mtu vitani hunyolewa na wazee na kuchinjiwa mbuzi kabla hajagusa mtoto. Baba aliporudi alikwenda kuungama tu. Padre alimwondolea dhambi, akamwonya kwamba siku atakapochinjiwa huyo mbuzi, asahau ualimu. Baba akatii. Akawabeba kaka zangu wawili walipozaliwa, na wote wawili wakafa kabla ya kuota meno. Nilipozaliwa mimi, hakunigusa.

Hata siku moja, jamani. Alinipenda, hilo sina shaka nalo. Aliniletea miwa, alinifundisha kusoma kabla ya wenzangu, lakini kikombe alikiweka mezani kwanza ndipo nikichukue. Alikula peke yake. Tonge la kwanza aliliweka pembeni mwa sahani, akamnong'oneza mtu ambaye sisi hatukumwona. Mama alinizoeza kutotazama.

Mwaka wa 1964 nilikuwa darasa la sita, mtoto wa kimbelembele kuliko wote. Padre alikuja kusikiliza somo, akaketi nyuma. Baba akauliza kama kuna swali, nami nikasimama.

"Mwalimu, kama askari hana dhambi, mbona hujawahi kunishika mkono?"

Hakuna aliyecheka. Baba aliibana chaki mpaka ikavunjika. Akatazama kona ya darasa, ambako hapakuwa na mtu.

"Padre alinisamehe, Teresa," akasema. "Huyu bado."

Padre alimwita siku hiyo hiyo na kumkumbusha onyo lake. Wiki haikuisha, baba akarudisha funguo za darasa na kwenda kwa wazee. Siku nne hatukumwona. Alirudi amenyolewa kichwa, amevaa ukanda wa ngozi ya mbuzi mkononi, ananukia mafuta. Sijawahi kumwona na furaha kiasi kile. Alisimama uani, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Njoo, mwanangu. Sasa naweza."

Katekisimu nilikuwa naijua kwa ghibu, maana alinifundisha mwenyewe. Matambiko ya kipagani ni dhambi ya mauti, na anayeshirikiana na mwenye kuyatenda hujitia doa. Hayo niliyakariri mbele yake nikapigiwa makofi. Niliogopa moto wa jehanamu, niliogopa kweli kweli. Nikaficha mikono yangu mgongoni.

Baba alisubiri. Akanitazama kama mwalimu anayesikia jibu sahihi, kisha akaishusha mikono, akaingia ndani kula na mama.

Hakunikasirikia. Aliishi miaka minne zaidi, na hakuninyooshea mkono tena.