Kipande Kisicho na Kinga

Sipendi kuulizwa habari za kazi yangu, ila hili nitalisema. Naandika programu za kompyuta, Kibaha, kwenye chumba kilicho juu ya duka la saruji. Mwaka juzi nilitengeneza daftari la wagonjwa la zahanati moja ya mtu binafsi kule kwetu Kisarawe. Mdogo wangu wa kike alikuwa akichukulia dawa zake pale, za VVU. Nyumbani nilikuwa najua mimi tu.

Kwa hiyo nilitaka lifungwe barabara. Programu ikienda kufanya kazi ndogo, huandika mahali pa kurudi. Mwizi akipafuta na kuandika pake, kompyuta inamfuata yeye. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ina chaguo la kuzuia hilo: prosesa yenyewe, ubongo wa kompyuta, inatunza nakala ya pili ya njia ya kurudi, na mbili hizo zikipishana, programu inauawa papo hapo. Nikaliwasha. Nikaongeza agizo kwamba kipande chochote cha programu kisicho na kinga hiyo kikataliwe.

Kikakataliwa kimoja. Alikitengeneza mzee wa Mlandizi aliyenifundisha kazi hii bure na kunilisha kwake. Maandishi ya asili alibaki nayo yeye, ilibidi nimwombe akijenge upya. Nikaenda, nikatoa shikamoo, tukala ugali kwa kambale, na mdomo ukawa mzito. Utamwambiaje mtu aliyekutoa ujinga kwamba kazi yake imepitwa na wakati? Nikarudi Kibaha, nikalegeza agizo ili kipite kimyakimya. Na nilijua fika kwamba kipande kimoja kama hicho kinazima kinga ya programu nzima. Eti heshima. Upumbavu mtupu.

Wezi wakaingia, kwa njia hiyohiyo. Majina ya wagonjwa na dawa zao yakazagaa kwenye magrupu ya simu. Mdogo wangu alikuwa ameshaposwa, na alipanga kumwambia mchumba wake mwenyewe, Ijumaa ile, kwa maneno yake. Jumatano mshenga akaja kwa baba kuichukua barua yao ya posa. Hata maji hakunywa.

Nilimkuta mdogo wangu uani anapepeta mchele, macho yamemvimba. Wallahi nilikwenda kukiri.

“Kaka,” akasema, “wewe ndiye unayeyajua haya mambo. Nitafutie aliyewafungulia mlango. Sitamfanya kitu, nataka nimwone uso tu.”

Nikakaa mbele yake, magoti yetu yanakaribia kugusana.

“Nitamtafuta,” nikasema.