Leicy na Jedwali la Mwisho

Leicy Rentería alikuwa na miaka ishirini na mitatu, stashahada ya uhasibu, na bahasha ya vyeti iliyochakaa kwa kuzungushwa ofisi thelathini na moja za mji wa Quibdó, Kolombia. Mwezi wa tano wa kutafuta kazi, akaacha. Kila ombi lilitaka nauli na picha mpya, na jibu lilikuwa lilelile: tutakupigia.

Karani wa takwimu alibisha hodi mvua ikimwagika. Bibi Teófila akamkalisha, akamwekea ndizi za kukaanga, na maswali yakamwangukia mjukuu.

"Wiki iliyopita ulifanya kazi ya malipo, hata saa moja?"

"Hata dakika."

"Wiki nne zilizopita ulitafuta?"

"Nilichoka."

"Basi huhesabiwi kwamba huna ajira, dada. Uko nje ya nguvu kazi. Kundi moja na bibi hapa."

Bibi Teófila akacheka mpaka akashika mbavu. "Karibu kwenye ustaafu, mwenzangu!"

Leicy hakucheka. "Nje wapi? Si niko hapa mbele yako, sina kazi! Watu kama mimi mnatuandika wapi?"

Karani hakuwa mtu mbaya. Akainamisha kichwa. "Jedwali la mwisho la ripoti. 'Waliokata tamaa.' Hakuna anayelisoma."

"Mimi sijakata tamaa. Nimekataa kulipa nauli ya kwenda kufukuzwa."

Ripoti ilipotoka, Leicy aliitafuta kwenye simu, akaisoma yote. Asubuhi ile Arnulfo, mtangazaji wa redio ya mjini, alishangilia: ukosefu wa ajira kwa vijana umeshuka! Leicy akaacha kufua, akapiga simu, akaunganishwa hewani.

"Kaka Arnulfo, umeshuka kwa sababu mmetutoa sisi tulioacha kutafuta."

"Dada yangu, namba ni za serikali."

"Na jedwali la mwisho ni la nani, la bibi yangu? Ukurasa wa arobaini na mbili. Lisome."

"Muda umetutupa mkono..."

"Nitapiga kesho."

Akapiga kesho, na keshokutwa. Siku ya nne majirani nao wakaanza: "Mimi pia niko nje, Arnulfo!" Wiki ikaisha Arnulfo hajapumua. Mwishowe akasoma hewani namba zote mbili, ya wasio na ajira na ya waliokata tamaa.

"Hii ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza," akasema, sauti imemshuka.

Kazi Leicy hakuipata. Lakini tangu hapo, kila ripoti inapotoka, Arnulfo husoma namba zote mbili. Mara moja tu aliiruka ya pili, na kabla muziki haujaanza simu ya studio ikaita.

"Ni wewe, Leicy?"

"Unajua ni mimi. Soma."

Akasoma.