Dawati la Tusekile Karibu na Mlango

Sisi tuliokulia Ikinga, kule juu milimani Ileje, tulishonewa sketi za shule kubwa makusudi ili zitufikishe darasa la saba. Darasa la kwanza unaikunja kiunoni, unaifunga kwa kamba, na ukikimbia inazunguka yenyewe mpaka zipu ya nyuma inakuja mbele. Hakuna aliyemcheka mwenzake, maana wote tulikuwa hivyo. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka humwoni aliyekutangulia, unasikia tu dumu lake la maji likigonga paja. Mkono mmoja dumu, kwapani kuni za kupikia uji wa shule, na mfukoni ndizi ya kuchoma ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kupasha vidole joto. Wanangu nikiwasimulia haya wananitazama kama nawatungia. Juzi umeme ulikatika hapa Tunduma katikati ya tamthilia, kijana wangu mkubwa, Lusajo, akakaa kwenye kochi na sura ya mtu aliyefiwa.

Jioni tulicheza rede kwa mpira wa soksi, kombolela kwenye mibuni mpaka baba mwenye shamba atufukuze, na kuruka kamba iliyosukwa kwa magome ya mgomba. Harufu ya moshi wa jikoni ndiyo iliyokuwa saa yetu. Ukiisikia, unajua maharage yameiva na mama ataanza kuita majina, kuanzia la mkubwa. Nyumbani kwetu aliita "Atupele", ambaye ni mimi, na nyuma yake "Tusekile", ambaye ni mdogo wangu. Mimi nilikuja mbio. Tusekile hakuja. Mama alitoka na kanga yake begani, akamfuata alipo, akamshika mkono taratibu na kumleta.

Tusekile kwa lugha yetu ni kama kusema tumefurahi. Alizaliwa mzima, mnene, mwenye nywele nyingi. Alitembea wakati wa watoto kutembea. Lakini maneno hayakuja. Ukimwita hageuki, ingawa mtu akimenya hindi nyuma ya nyumba yeye ndiye wa kwanza kusikia. Ngoma ya kanisani ilipopigwa aliziba masikio na kujikunja chini ya benchi. Baba akipindua baiskeli ili aitengeneze, Tusekile alikaa akitazama gurudumu linavyozunguka, na baba, mtu mkali kwa mengine yote, alilizungusha tena na tena hata kama kazi ilikuwa imeshakwisha. Harage moja likigusa ndizi yake, sahani nzima inabaki. Sweta alilivua na kulitupa, hata baridi iume vipi, mpaka mama alipogundua kwamba mishono ndiyo iliyokuwa inamsumbua. Akawa anamvalisha ndani nje.

Wanawake kisimani walicheka. Siku iliyofuata mama alikwenda kuteka maji naye amelivaa sweta lake ndani nje, akawasalimu mmoja mmoja, akajitwika ndoo na kurudi. Walicheka tena, lakini safari hii walicheka pamoja naye, na habari ya sweta ikaishia hapo.

Maneno mengine hayakuisha kirahisi hivyo. Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka upande wa Itumba akakaa nasi muda, na jioni moja akamwambia mama kwamba yuko mganga anayewafungua watoto ulimi.

"Wifi, mpeleke. Huyu kafungwa, kila mtu anaona," alisema.

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso. "Hajafungwa na mtu, wifi. Ndivyo alivyo. Ninachotaka ni asome."

"Asome nini wakati hasemi?"

"Atupele alianza kusoma kabla ya kujua kufua soksi zake. Kila mtu ana anachochelewa."

Nilinuna kwa kutajwa hivyo mbele ya mgeni. Baba, ambaye alikuwa mlangoni, alicheka kwa pua, na shangazi hakuleta tena habari ya mganga.

Umri wa Tusekile wa kuanza shule ulipofika, mama alimnyoa, akampaka mafuta, akamvalisha sketi kubwa kama zetu. Kengele ya shule ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa, ikagongwa kwa chuma. Ilipolia asubuhi ile, Tusekile alipiga ukelele ambao bado naukumbuka, akakimbilia kwenye mibuni. Mwalimu mkuu wa wakati ule alimwita mama pembeni.

"Mama Atupele, sikukatishi tamaa," alisema, "lakini huyu mlee nyumbani. Mimi nina watoto wengi na walimu wachache. Shule si ya kila mtu."

"Nimekusikia, mwalimu," mama akajibu.

Kesho yake alimleta tena. Walipomrudisha, keshokutwa alimleta tena. Halafu akaja na jembe. Shule ilikuwa na shamba la maharage nyuma ya darasa la kwanza, magugu yameota mpaka magotini, na mama akaanza kulipalilia bila kuombwa. Nani amfukuze mtu anayelima shamba la shule? Kila asubuhi, akimaliza kazi za nyumbani, alifika pale na Tusekile. Yeye analima, mtoto anasimama ukutani, chini ya dirisha, akivuruga udongo kwa vidole. Wanafunzi wenzangu waliniuliza kama mama yangu ameajiriwa. Nikawaambia ndiyo.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa Mwalimu Kibona, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, aliyependa kutusomesha silabi kwa kuimba. Ba, be, bi, bo, bu. Siku moja alikatisha mwishoni ili watoto wamalizie wenyewe. Akasema ba, be, bi, bo, akanyamaza. Darasa nalo likawa linasubiri. Ndipo nje ya dirisha sauti nyembamba ikasema, "Bu."

Mimi sikuwepo, nilikuwa darasa langu. Nilisimuliwa na mama. Aliniambia jembe lilibaki juu, hakulishusha. Alikuwa hajawahi kumsikia mwanawe akitamka kitu. Mwalimu Kibona alichungulia dirishani, akamwona mama amesimama vile, akamwona na mtoto anayetazama udongo. Hakupiga makofi wala kuuliza maswali. Alirudi ubaoni akaanza upya, ba, be, bi, bo, akanyamaza. Sauti ikaja tena.

Baada ya kipindi alitoka akamwambia mama, "Nitamwekea dawati karibu na mlango. Akizidiwa atoke, akitulia arudi. Mkuu nitaongea naye mwenyewe."

Hivyo ndivyo Tusekile alivyoingia darasani. Kwa dawati lile yeye na mama na Mwalimu Kibona walijifunza mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Mwalimu alichora kwenye maboksi picha za siku nzima, dumu la maji, ubao, kikombe cha uji, nyumba, akazitundika kwa mpangilio ili mtoto ajue kinachofuata. Nyumbani mama alichora zake kwa mkaa ukutani, za kuoga na kula na kulala. Kiranja wa kengele alifundishwa kusimama kwanza mlangoni na kuinua mkono, Tusekile azibe masikio, ndipo ringi igongwe. Nasi watoto tukampa kazi kwenye mchezo wa kamba. Kuruka hakutaka. Ila kuizungusha aliizungusha sawasawa, bila kuchoka wala kuiba mizunguko kama tulivyofanya sisi, na mwisho kila kundi likawa linamtaka upande wake. Shingo inainama, macho yanaifuata kamba, na mdomoni anatoa mlio wa furaha kama nyuki. Hapo ndipo wengi walipoacha kumwogopa.

Kisha masika yakaja. Mnaojua mvua ya Ileje juu ya bati mnaelewa. Siku moja ilianza ghafla, kwa kishindo, na Tusekile kwa hofu alilisukuma lile dawati likamwangukia mtoto wa jirani mguuni. Mguu ulivimba. Wazazi wakadai mkutano, na ukaitishwa. Tulijibanza nje ya ukuta kusikiliza. Baba wa yule mtoto alisimama akasema hana ugomvi na sisi, lakini watoto waliokuja kusoma wasiumizwe na asiyeweza kusoma. Wengi waliitikia. Mwalimu mkuu akasema basi mkutano uamue.

Mama aliomba kusema. Hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu, hata kanisani aliimba nyuma.

"Mwanao nilimkanda mguu mimi mwenyewe," alimwambia yule baba, "na nitamkanda mpaka apone. Hilo ni deni langu na silikatai. Lakini mkimtoa Tusekile hapa, mnamtoa mpaka wapi? Nyumbani nitamfungia ndani? Nyinyi mnaniona nalima hapa kila siku mkadhani napenda maharage. Nataka mwanangu akae mahali ambapo watoto wenzake wapo. Mvua ikianza, nitakuwa mlangoni. Siku nisipokuwa mlangoni, mfukuzeni."

Mwalimu Kibona akasimama, akasema yeye ndiye mwenye darasa na anamtaka mwanafunzi wake. Wakapiga kura ya mikono, waliotaka abaki wakazidi kidogo. Baba wa mtoto aliyeumia hakuinua mkono upande wowote. Lakini masika yaliyobaki mama alikuwepo mlangoni, amejifunika turubai, na nakumbuka yule baba siku moja akimletea kigoda.

Sitaki kuwadanganya kwamba yote yakawa mazuri. Mwalimu Kibona alihamishwa Tusekile akiwa darasa la nne. Aliyempokea hakuwa na moyo ule, dawati likarudishwa katikati, na mdogo wangu akaacha shule. Mama hakulia mbele yetu. Alichukua mkaa akaongeza picha ukutani. Tusekile akajifunza kumenya kahawa, kufua, kuandika jina lake na majina yetu sote, na kusema maneno machache anayoyahitaji. Hadi leo anaishi na mama kulekule Ikinga, mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

Mimi niliolewa nikahamia Tunduma, nikaanza kuuza vitenge karibu na mpaka. Jirani yangu dukani ni Mama Zuhura, mtu wa Kondoa, ambaye mumewe ana malori. Miaka yote nilijua ana binti, ila sikuwahi kumwona. Siku moja nilimpelekea mzigo nyumbani, lori likapiga honi barabarani, na nikasikia kutoka chumba cha ndani mtoto akipiga ukelele ninaoujua.

"Mama Zuhura," nikamwambia, "naomba nimwone mwanao."

Aliweka uso mgumu. "Hayuko sawa, Mama Lusajo. Watu wanasema mengi."

"Mdogo wangu yuko vivyo hivyo. Nimelala naye kitanda kimoja."

Akafungua mlango. Zuhura alikuwa amekaa sakafuni anazungusha mfuniko wa sufuria. Tulikaa naye mpaka alasiri, na Mama Zuhura alipokwenda kuswali aliniacha naye, akaniambia baadaye kwamba hajawahi kumwacha na mtu.

Tulimpeleka hospitali pamoja. Muuguzi mmoja aliyesomea mambo ya watoto ndiye aliyetuambia neno lenyewe: usonji. Akatueleza kwamba si uchawi, si laana, si malezi mabaya, na kwamba mtoto akisaidiwa mapema kwa mafunzo na tiba ya usemi, anafika mbali. Nilitoka nje nikampigia mama simu.

"Linaitwaje?" aliuliza. Nikarudia. Naye akalirudia. "Haya. Kama jina wameshalijua, waambie wajenge na darasa."

Ndilo tulilofanya. Mimi na Mama Zuhura tulianza na wazazi waliokuwa wanaficha watoto, nyumba kwa nyumba, msikitini kwake na kanisani kwangu. Wengine walitufungia geti. Mama mmoja kutoka ng'ambo, upande wa Zambia, alinishika mkono sokoni akaniita "mayo", yaani mama kwa lugha ya kwao, akasema naye anaye mtoto kama hao. Tulikaa kwenye mabenchi ya ofisi za halmashauri kuomba darasa mpaka walinzi wakatuzoea. Sasa liko darasa katika shule moja ya msingi hapa mjini, na mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Mtaalamu wa usemi hupita mara chache, na tunataka apite zaidi. Zuhura anasoma pale. Wiki hii alimwambia mama yake, "Maji," akaonyesha kikombe, na mama yake alifunga duka mapema.

Enzi zetu hatukuwa na neno usonji, wala mtaalamu, wala picha zilizochapishwa kwa rangi. Tulikuwa na mwalimu mmoja mwenye moyo na darasa zima la watoto wenye sketi kubwa waliokubali kumsubiri mwenzao. Leo neno lipo, mwalimu yupo, lakini watoto wa mtaani kwetu wamejifungia na simu zao, na wakimwona Zuhura wanampiga picha kabla ya kumsalimia. Nawasema sana. Wameanza kunikimbia, lakini wawili watatu sasa wanakuja kucheza naye Jumamosi.

Na wakubwa bado hawana mahali. Mama amezeeka, na kila nikienda Ikinga ananiuliza nani atakaa na Tusekile yeye akiondoka. Namjibu kwamba ni mimi, lakini mdogo wangu anastahili zaidi ya chumba nyumbani kwa dada yake. Anastahili kazi na watu wa kumzoea. Jumatatu mimi na Mama Zuhura tunakwenda tena halmashauri kuomba karakana ya watu wazima wenye usonji. Wakituambia njooni kesho, tutakwenda kesho, kwa sababu ni watu wetu tunaowaombea, na sisi kesho tunazo nyingi.