Ijumaa ya Kaburi Namba Kumi na Tisa

Bosi wetu alikuwa na swali moja tu kabla ya kutia sahihi: "Umekwenda?" Hakusoma kurasa zote, wala hakupiga simu kuhakikisha. Ukisema umekwenda, anachukua kalamu. Ukisita, anakurudishia karatasi bila kukukaripia. Nilipomaliza chuo mjini Pemba na kuajiriwa ofisini kwake Palma, nilidhani huo ni uvivu wa mtu anayehesabu siku za kustaafu. Ilinichukua muda kuona kwamba hakuna aliyethubutu kumdanganya.

Sote tulimwita chefe, yaani mkuu kwa Kireno. Alitoka Zambézia, mkoa usiosema Kiswahili, akiwa kijana, akajifunza Kiswahili sokoni kwa wauza samaki, kwa hiyo mpaka leo anajua kubishana bei kuliko kusalimia. Kazi yetu mwaka ule ilikuwa makaburi. Barabara ya kuelekea Olumbi ilitakiwa kupanuliwa, na makaburi ya zamani yalikuwa njiani. Tuliweka kigingi chenye namba kwenye kila kaburi, kisha tukatafuta ndugu, ili siku ya kuhamisha wawepo, na mikono ya kumpokea marehemu iwe ya watu wake. Kaburi ambalo ndugu hawakujulikana, chefe alitaka tuliendee mara tatu, na mara moja kati ya hizo iwe Ijumaa baada ya sala.

"Ijumaa ndiyo siku watu wanakuja kuwatazama watu wao," alisema. "Siku nyingine mtayahoji majani."

Namba kumi na tisa lilikuwa kaburi la mtoto. Lilizungushiwa vipande vya matumbawe, na juu yake hapakuwa na jani hata moja. Makaburi ya jirani yalikuwa na nyasi za kufika magotini. Hili lilikuwa limefagiwa. Niliona. Sitaki kujidanganya kwamba sikuona. Nilikwenda Jumatatu, nikaenda tena Jumatano, sikukuta mtu.

Alhamisi chefe akaniambia kwamba kwenye mkutano wa wakazi, Jumamosi, nitaongea mimi. Mimi ni mtu ninayefikiria namna ya kupiga hodi kabla sijafika mlangoni. Ijumaa nzima nilijifungia ofisini na hotuba. Nilibishana na nafsi yangu kama nianze na asalaam aleikum au bom dia, na kama nitasema vyote viwili, kipi kitangulie. Niliposikia watu wakitoka msikitini nilinyanyuka, nikasimama mlangoni na viatu mkononi, nikarudi kukaa. Nilijiambia nitakwenda kesho, kana kwamba kesho ingekuwa Ijumaa.

Jumatatu nilimpelekea orodha. Kwenye namba kumi na tisa niliandika tarehe zote tatu, ya Ijumaa ikiwemo.

"Umekwenda?"

"Nimekwenda, chefe."

Alinitazama kidogo. Kisha akatia sahihi.

Mtoto yule alihamishwa na vibarua. Shehe alisoma dua, mtoto akazikwa upya kwa namba ileile, kwenye safu ya wasio na ndugu katika makaburi mapya. Tangu siku hiyo, ufagio wa chelewa ukianza kulia uani kwa jirani asubuhi, naacha ninachofanya na kusubiri uishe. Unanyamaza, napumua, halafu unaanza kona nyingine.

Siku ya kumuaga chefe alipostaafu, tulipika pilau kwenye ua wa ofisi. Dereva wetu, ambaye hajawahi kuniita kwa jina langu, ila doutora, mama msomi, alinijazia sahani.

"Kula, doutora. Wiki ijayo kiti cha chefe chako, hutapata muda wa kutafuna."

"Kiti kile kikubwa, nitapotea ndani."

"Tutakuwekea mto. Na kengele, tukikutafuta uilize."

Tulikuwa bado tunacheka aliposimama mwanamke getini. Alisema amerudi kutoka Nangade, alikokimbilia wakati wa vita, na sasa anakaa kwa shemeji yake Quitunda. Anatafuta kaburi la mwanawe.

"Dada yangu alikuwa anatoka Olumbi kila Ijumaa kunifagilia," alisema. "Vigingi aliviona, akadhani ni vya barabara. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Ijumaa moja akakuta shimo."

Mtu alizima muziki. Chefe aliweka sahani chini akamwendea.

"Sahihi ni yangu, mama."

"Sikuuliza sahihi, baba. Nauliza, ulikwenda?"

"Sikwenda."

"Nani alikwenda?"

Nilikuwa hatua nne nyuma ya chefe. Hakugeuka. "Ofisi ni yangu," alisema. "Kosa ni langu. Karibu ndani, nikutafutie namba."

"Siku yote mnakula, mtatafuta saa ngapi?" Akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Chefe aliingia ofisini kwake. Nilimkuta anapanga vitu vyake kwenye boksi, polepole, kikombe, miwani, kalenda.

"Chefe, Ijumaa ile..."

"Ulikuwa humu. Nilipita nje ya dirisha mara mbili. Ulikuwa unauhutubia ukuta."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukatia sahihi."

Alitoa kikombe kwenye boksi, akakirudisha. "Niliogopa nikikurudishia karatasi siku ile, hutasimama tena mbele ya watu. Nikakuonea huruma wewe, nikamsahau ambaye simwoni." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Watanisifu jioni nzima pale nje, na mimi nitakaa nasikiliza. Wewe usikae. Anakwenda kwa miguu, hajafika mbali."

Nilikimbia. Nilimfikia penye maduka ya mwisho, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimepanga la kusema.

"Mama, wa kwenda nilikuwa mimi. Sikwenda. Niliandika kwamba nimekwenda."

Alinitazama mpaka nikatamani anipige.

"Yuko wapi?"

Nilimwongoza mpaka makaburi mapya. Namba kumi na tisa lilikuwa limeota nyasi. Alichuchumaa akaanza kuzing'oa kwa mikono, na nilipoinama kumsaidia, akausogeza mkono wangu pembeni.

"Nani alimpokea?"

"Kibarua, mama. Jina lake silijui."

Aliendelea kung'oa. Alipomaliza alijipangusa mchanga, akasema bila kunitazama, "Ijumaa uje na ufagio."

Sijui kama huko ni kusamehewa, na nimeliwaza hilo kuliko nilivyowahi kuwaza jambo lolote. Ijumaa ya kwanza alikuwepo. Alifagia yeye, mimi nikakusanya majani. Ya pili alikuja na dada yake, ambaye hakuitikia salamu yangu. Baada ya hapo wakati mwingine wanakuja, wakati mwingine niko peke yangu.

Ijumaa hii mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mezani palikuwa na karatasi zinazosubiri sahihi yangu, na dereva alisema, "Doutora, leo hata wafu wamejifunika." Nilichukua ufagio nyuma ya mlango. Majani yalikuwa yameganda kwenye udongo, ufagio ukawa unayapita juu. Nikauweka chini, nikayaokota moja moja.