Viatu vya Matairi na Mguu Wangu wa Cherehani

Ndugu zangu mnaonisikiliza, mimi ni fundi cherehani hapa Kewanja. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo nyumba nzima ilikula kwa mguu wangu wa kulia. Mjue hilo kwanza, ndipo mtaelewa niliogopa nini.

Mdogo wangu Rhobi anauza mitumba. Siku moja alifungua belo akakuta viatu vyenye magurudumu chini, vile vya kutelezea. Sisi tukaviita viatu vya matairi, basi. Jumapili mchana tukaenda kwenye sakafu ya ghala tupu la mahindi, nikavivaa, mimi mama wa watoto.

"Dada, kunja magoti!" Rhobi alipiga kelele akinishika mikono. "Uzito mbele! Mbona umesimama kama mlingoti wa bendera?"

Nikakunja. Akaniachia. Nikasimama peke yangu natetemeka, nikacheka mpaka machozi. Kicheko ndicho kilichoniponza. Nilijinyoosha, uzito ukarudi nyuma, miguu ikatangulia. Kifundo cha mguu wa kulia kililia ko, kama muwa ukivunjwa. Kikavimba palepale, nikatapika.

Zahanati nilimkuta muuguzi kijana, mgeni wa mkoa huu.

"Pole, mama. Umefanyaje?"

"Nimeanguka na viatu vya matairi."

"Hizi katambuga zenu zinateleza sana kwenye matope," akasema. "Umeteguka tu. Nakufunga bandeji, meza dawa ya maumivu, uwe unaukanyaga taratibu."

Alidhani nasema zile ndala za tairi la gari wanazovaa wachunga ng'ombe. Nilielewa kosa lake, nikanyamaza. Nyuma yangu benchi limejaa wazee niliotoka kuwaamkia shikamoo. Ningeanzaje kueleza kwamba nilikuwa nateleza kama mtoto? Niliona aibu, jamani.

Basi nikaukanyaga kama nilivyoambiwa. Yakatoka malengelenge yenye maji ya damu, yakapasuka. Ngozi ikawa nyeusi, kidonda kikatoa usaha, homa ikanishika. Harufu ilikuwa mbaya mpaka mimi mwenyewe nageuza uso. Cherehani nikaifunika kanga, sikutaka kuiona.

Wiki ya tatu mume wangu, Marwa, akakodi gari, akanipeleka hospitali kubwa. Daktari aliangalia picha ya mifupa, akaniangalia na mimi.

"Huku si kuteguka. Kifundo kimevunjika na mifupa imeanza kuunga vibaya. Ulianguka na nini hasa?"

Nikamweleza yote. Hakucheka.

"Tutajaribu kuuokoa mguu," akasema. "Lakini usaha ukizidi kupanda, itabidi tukate."

Marwa alitoka nje. Huyu ni mwanaume wa Kikurya, alitahiriwa mbele ya watu bila kukunja uso. Nikamsikia analia nyuma ya ukuta.

Walikisafisha kidonda mpaka kikatulia, ndipo wakaniwekea vyuma vya kushika mfupa. Nilipofunguliwa hogo, ile plasta ngumu, mguu ulikuwa umekonda, una magamba, kama wa mtu mwingine. Mama wa mazoezi akanisimamisha katikati ya bomba mbili za kushikilia.

"Kunja goti, mama. Uzito mbele."

Maneno yaleyale! Nikaganda. Kisu sikukiogopa vile nilivyoiogopa sakafu ile. Nilimwangukia kifuani nikalia kwa sauti, akanishikilia, kesho yake tukaanza tena.

Namshukuru Mungu, nawashukuru walionitibu. Namshukuru Rhobi, aliyekanyaga cherehani yangu tukapata kula, ingawa pindo zake, Mungu amsamehe, zilikwenda kombo kama njia ya ng'ombe. Nanyi mkiumia, mwelezeni anayewatibu mlichokuwa mnafanya, hata kama ni cha kipuuzi. Akielewa vibaya, msahihisheni. Na maumivu yasipopungua, rudini mapema.

Bado nachechemea, na baridi ikiingia vyuma vinauma. Lakini juzi nikiwa jikoni mbu aliniuma mguu wa kushoto. Nikaunyanyua, nikaukuna, huku nakoroga uji. Uji ulipoanza kutokota ndipo nikashtuka: nilikuwa nimesimama kwa ule wa kulia peke yake. Sikuthubutu kushusha mwingine. Nikamwita Marwa aje aone.