Jiwe la Kusagia na Kompyuta ya Sechelela

Sisi tuliokulia Hombolo kabla unga haujaanza kuuzwa kwenye mifuko, asubuhi yetu ilianzia magotini. Unapiga magoti nyuma ya jiwe, unasukuma, unavuta, mpaka mgongo unausahau. Tulikuwa mimi, dada yangu Roda, Foibe na mdogo wake Persisi, na Damari binti wa mama Eliada, yule asiyeweza kusaga bila kuimba. Na jiwe halikuokotwa hivihivi. Mama alitupandisha kilimani, tunagonga hili, tunasikiliza, tunagonga lile. "Jiwe usilichague kwa macho," alisema, "utatafuna mchanga mwaka mzima."

Uwele ukiusaga mfululizo, jiwe linapata joto, unga nao unapata joto, na uji wake unakuwa mchungu. Basi mama akisema, "Acheni lipumue," tunakaa. Hapo ndipo nilipoteseka. Jua linapanda, maji hayajachotwa, mbuzi wanalia zizini, na miguu yangu haitulii. "Haraka yako utaikuta kwenye bakuli," ananiambia.

Sasa nimezeeka, miguu bado ni ileile. Juzi nimeimaliza sakafu ya sebule yangu hapa Area D, Dodoma mjini, kwa kwenda na kurudi, kisa kompyuta.

Mjukuu wangu Sechelela, binti wa mwanangu Yona, anasoma chuo na anaishi kwangu. Amejiundia kompyuta ya gemu kwa mikono yake. Ugali wa uwele hajui kuusonga, mlenda anaushangaa, lakini kwa kuchagua vyuma mama yangu angempenda. Alibishana sana kwenye simu na mwenzake wa timu, Baraka, aliyetaka anunue kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, yenye nguvu kuliko zote.

"Baraka, wewe uko Njombe, unalala na mablanketi mawili," nikamsikia. "Dodoma hii mwezi wa kumi, juu ya kadi hiyo nitakaanga mayai!"

Akachukua ya kati, akatafuta poozeo la maana, chuma chenye mapezi kama ya samaki na feni mgongoni, na kasha la kioo lenye matundu juu ili joto litoke. Mbele akaweka wavu wa kuzuia hili vumbi letu.

Yote hayo kwa ajili ya Jumamosi, saa nane mchana. Timu yake, vijana wa mikoani anaocheza nao mtandaoni, walikuwa na mechi ya kupimana. Ambaye mashine yake itazimika katikati, nafasi yake anapewa mwingine. Alinieleza hivyo mpaka chakula kikanishinda na mimi.

Asubuhi hiyo Roda akaja kutoka Kongwa, ameniletea kitambaa alichokifuma mwenyewe. Wenzangu wa rika langu mnajua, kitu cha thamani hakikai uchi. Redio yangu imevaa, televisheni imevaa, makochi yamevaa. Upepo unaingiza vumbi, Sechelela yuko bafuni, Roda akaliona kasha zuri liko wazi. Akalivika. Sebuleni kwangu kitambaa kimoja zaidi nani atakiona? Mimi sikukiona. Sechelela naye akarudi, akavaa hedifoni, macho kwenye skrini.

Mechi ikaanza. Feni zikaunguruma. Nikaenda mlangoni, nikarudi, nikaenda dirishani.

"Dada, kaa, unanizungusha kichwa," Roda akasema.

"Huo mlio siyo wake."

"Mashine si lazima ipige kelele? Hata ya kukoboa kule kwetu inapiga."

"Digrii zinapanda!" Sechelela akapaza sauti. "Feni zote zinazunguka, na bado zinapanda!"

Skrini ikawa nyeusi.

Akaweka mkono juu ya kasha, mkono ukakutana na kitambaa. Akakivua. Roda akasimama taratibu.

"Mjukuu wangu, ni mimi nimeharibu?"

"Hapana, bibi. Ni umeme tu."

Feni ya dari ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu. Roda akaulaumu umeme weee, mpaka chai ikamtuliza. Sechelela akakikunja kitambaa vizuri, akasema ni kizuri, atakiweka chumbani kwake.

Jioni ujumbe ukaingia. Nafasi amepewa mwingine.

Enzi zetu ukiharibu zamu ya mwenzio, unajua mlango wa mama yake ulipo. Unabisha, unapiga goti, unajieleza, unasemwa mpaka masikio yanawaka, na mwisho unapewa bakuli la uji. Kwa hiyo nikamwambia Sechelela avae viatu, au atafute namba, tuongee na hao wakubwa wa timu, mimi mwenyewe nitasema. Wanaitwa nani? Akanitajia majina ya kwenye gemu, mmoja Kivuli, mwingine Radi.

"Majina yao waliyopewa na wazazi?"

"Siyajui, bibi. Hata Baraka hayajui."

Mimi ninayekumbuka hata jina la mbuzi wa mama Eliada, nikasimama na khanga yangu begani, sina pa kwenda kubisha hodi.