Maji ya Imana

Jumanne, manyunyu tangu asubuhi.

Picha ya sokwe kwenye daftari la mjukuu imenikumbusha mchana mmoja utotoni, kwenye kambi ya wakimbizi. Mwalimu alitufundisha kwamba viumbe vilibadilika polepole. Nikadhani Imana, Mungu kwa Kirundi chetu, hana kazi tena. Nikayamwaga maji ambayo mama, akiwa mjamzito, alimtengea Imana kila usiku, kama ilivyo desturi yetu, ili amfinyange nayo mtoto tumboni. Vumbi lilinukia. Ndipo nikaogopa: mtoto angezaliwa hajakamilika!

Nikamwendea mama nikilia, nikamweleza yote. Akauliza:

"Mwalimu kasema ilichukua muda gani?"

"Mrefu sana, mama."

"Basi Imana hana haraka. Kachote mengine, mtundu we!"

Labda sikuelewa sawasawa, na mwalimu hakukosea. Nawashukuru wote wawili, yeye na mama.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na dagaa. Aliyeusonga ni yule mtoto wa tumboni, mdogo wangu.